Lenzi ya Jicho ya Milimita 20 na Nyota Zenye Mabawa: Kumbukumbu ya Mradi Wangu wa Darubini

Baada ya siku saba za kukesha na kubahatisha, hatimaye nimepata jibu la jambo lililoninyima raha tangu niliponunua lenzi ya jicho (ile ya kutazamia) ya milimita 20 yenye mwono mpana. Katikati ya uga, yaani duara la anga ninaloliona, nyota ni nukta safi, lakini kuanzia nusu ya njia kuelekea ukingoni kila nukta hutanuka na kuota mabawa mawili kama shakwe anayeruka, na kwenye ukingo wenyewe mabawa hayo huwa mapana kuliko duara la Mshtarii linavyoonekana katika lenzi hiyo hiyo. Lenzi hii ilinadiwa kuwa ina mwono wa digrii 66 (upana wa duara jinsi jicho linavyoliona baada ya kukuzwa, si upana wa anga lenyewe), nami nilitaka kujua ni digrii ngapi kati ya hizo zinazotazamika kweli.

Darubini yangu ni ya Newton, inayokusanya mwanga kwa kioo cha kuakisi: kioo kikuu cha milimita 130 na urefu wa fokasi wa milimita 650, yaani f/5 (650 kugawanywa kwa 130). Ilikuja na lenzi mbili za jicho. Ile ya milimita 25, ambayo ni Plössl, aina ya kawaida ya lenzi ya jicho, inakuza mara 26 na sina ugomvi nayo. Ile ya milimita 10 haina ukali hata katikati ya uga, na niliiweka kando wiki ya kwanza. Mpango niliouandika mwanzoni mwa daftari ulikuwa kununua lenzi tatu tu za bei nafuu, yaani ya 20, ya 9 na ya 4, kisha nisinunue kitu kingine kwa mwaka mzima. Ya 20 na ya 9 nilizipata. Ya 4 nitaieleza baadaye, kwa sababu mpango wenyewe haukudumu.

Kuhusu mabawa hayo, sababu zinazowezekana zilikuwa nne: koma ya kioo kikuu (nyota kuota mkia), astigmatizimu ya lenzi (nyota kuvutika kuwa kistari), mpindo wa uga (katikati na ukingo kutofokasi pamoja), au jicho langu mwenyewe. Kabla ya yote nilivilinganisha upya vioo vya darubini, kwa sababu kioo kikuu cha f/5 kilichokaa upande hata kidogo huharibu picha kwa namna inayoweza kusingiziwa lenzi bila kosa. Nyota ya katikati ilikaa vizuri zaidi, lakini mabawa ya pembeni hayakupungua hata kidogo.

Jicho nililijaribu usiku wa pili. Lenzi ya milimita 20 katika darubini ya f/5 hutoa kiduara cha mwanga chenye upana wa milimita 4, na kiduara kikubwa namna hiyo hutumia sehemu kubwa ya mboni, hivyo kasoro ya jicho hujitokeza waziwazi. Kipimo chake ni chepesi: inamisha kichwa upande, na mabawa yakigeuka pamoja na kichwa, kasoro ni ya jicho. Yangu hayakugeuka. Nilizungusha pia lenzi ndani ya bomba lake, nayo mabawa yakabaki yamepangika kuuzunguka uga vile vile, jambo lililonionyesha kwamba hakuna kioo kilichokaa upande ndani ya lenzi, na kwamba kasoro iko sawa pande zote.

Mpindo wa uga ulinipotezea siku mbili nzima. Kama kasoro ingekuwa huo peke yake, ningeweza kuifokasi upya nyota ya ukingoni ikawa nukta, huku ile ya katikati ikififia. Nilizungusha kifundo cha fokasi polepole, nyota ikanywea, nikafurahi, kisha nikaona kwamba haikuwa nukta bali kistari chembamba kilichoelekea katikati ya uga. Nilipoendelea kuzungusha kupita hapo, kistari kikajaa na kuwa shakwe, kisha kikawa kistari tena, safari hii kimekatiza upande, digrii 90 kutoka kile cha kwanza. Nilirudia mara nyingi kwa nyota za pande zote nne za uga, na kila mara ikawa hivyo. Hiyo ndiyo alama ya astigmatizimu, na hakuna nyingine kati ya zile kasoro nne inayofanya hivyo ukingoni huku katikati kukiwa safi.

Hata hivyo sikutaka kukiachilia kioo kikuu bila ushahidi, kwa kuwa kila kioo cha parabola cha f/5 kina koma, kiwe cha bei gani. Kwa hesabu, nyota iliyo digrii 1 kutoka katikati huchorwa ikiwa na mkia wa takriban sekunde 27 za tao (digrii moja ina sekunde 3600), unaoelekea nje kama nyotamkia ndogo. Nilitia lenzi ya Barlow ya mara 2, inayowekwa mbele ya lenzi ya jicho kuzidisha ukuzaji, na mabawa yakatoweka karibu yote. Ningeridhika hapo, lakini jaribio hilo lina udhaifu: Barlow huifanya miale iingie kwenye lenzi ya jicho kwa wembamba wa f/10, ambao lenzi ya bei nafuu huuvumilia, lakini wakati huo huo huupunguza uga kwa nusu, na hivyo sehemu yenye koma kubwa hukatwa. Sababu mbili zilikuwa zimefanya kazi pamoja na sikuweza kuzitenganisha.

Jibu lilitoka kwa ile Plössl ya milimita 25 niliyokuwa nayo tangu siku ya kwanza. Niliiweka nyota ile ile ukingoni mwa uga wake, karibu umbali ule ule kutoka katikati, na kioo kikuu kilikuwa kile kile. Ilionekana na kimkia kifupi kilichoelekea nje, koma ya kawaida ambayo jicho huisahau haraka. Hapakuwa na shakwe. Basi kioo kikuu kinachangia kidogo tu, na mabawa ni ya lenzi ya milimita 20. Lenzi ya milimita 9 ya aina hiyo hiyo, yenye digrii 66 vilevile, ni safi hadi karibu na ukingo. Lenzi nyingi fupi za mwono mpana huwa na kundi la lenzi tawanyishi upande wa mbele, ambalo hufanya kazi kama Barlow ya ndani, ilhali zile ndefu za bei nafuu aghalabu hazina kundi hilo na hupokea miale ya f/5 kama ilivyo. Ninasikitika kwamba wauzaji huzipanga zote pamoja chini ya sifa moja, kana kwamba digrii 66 za milimita 9 na digrii 66 za milimita 20 ni kitu kimoja.

Hapo ndipo nilipoacha mpango. Nilitaka kujua ni anga kiasi gani nilichoongeza kwa kununua lenzi hii, nikaanza kupima kwa saa. Mintaka, katika mshipi wa kundinyota la Jabari, iko karibu kabisa na ikweta ya anga, kwa hiyo darubini ikisimama tuli, nyota hiyo huvuka uga kwa mwendo wa robo ya digrii kila dakika. Katika lenzi ya milimita 20 ilichukua dakika 7 na sekunde 50, sawa na digrii 1.96 za anga lenyewe. Katika Plössl ya milimita 25 ilichukua dakika 7 na sekunde 32, sawa na digrii 1.88. Tofauti ya anga ni digrii 0.08, na yote iko kwenye eneo la shakwe. Kilichoongezeka kweli ni ukuzaji, kutoka mara 26 hadi mara 32.5, jambo ambalo hufanya anga la nyuma liwe jeusi zaidi. Hilo ni faida, lakini silo nililolinunulia.

Saa ikiwa bado mkononi, nikaipima na Barlow. Barlow ikiwa nzima pamoja na lenzi ya milimita 20, Mintaka ilivuka kwa dakika 3 na sekunde 48, hivyo inakuza mara 2.06. Kisha nikafungua kichwa chake chenye kioo na kukisokota moja kwa moja kwenye uzi wa chini wa lenzi ya jicho, mahali pa kufungia kichujio, nikapata dakika 5 na sekunde 5, yaani mara 1.54. Sikutarajia kifaa kidogo hivi kingenipa ngazi mbili tofauti, na sasa ninakithamini kuliko lenzi yoyote niliyonayo. Kwa lenzi ya milimita 9, inayokuza mara 72, napata karibu mara 110 na karibu mara 150. Lenzi ya milimita 4 nimeifuta daftarini. Plössl ya urefu huo ingenilazimisha kugusa kioo kwa kope, na usiku mwingi hewa haitulii kiasi cha kustahimili zaidi ya mara 150.

Lenzi ya kuvuta, ya milimita 8 hadi 24, niliiazima kwa jioni moja. Ina manufaa kwa Mwezi, ila uga wake huwa mwembamba kwenye 24, pale pale ninapotaka upana, na kila nilipobadilisha ukuzaji nililazimika kufokasi upya. Yale masanduku ya lenzi nyingi pamoja na vichujio vya rangi sikuyafikiria tena.

Ile ya milimita 20 sitaiuza. Ikiwa na kichwa cha Barlow chini yake inakuza mara 50, mabawa yamebanwa kwenye ukingo mwembamba, na inaziba pengo lililokuwapo kati ya mara 26 na mara 72. Jana usiku niliielekeza kwenye nebula iliyo chini ya mshipi wa Jabari, nebula yote ikaingia pamoja na nyota zinazoizunguka, na zile nne ndogo za katikati zilisimama mbalimbali, kila moja ikiwa nukta. Kinachobaki ni kupima Mintaka kwa lenzi ya milimita 9, pamoja na Barlow na bila Barlow, kabla Jabari halijaanza kutua mapema.