Tell off: kusemwa kwa Kiingereza

Shuleni wengi tulikaririshwa kwamba tell off maana yake ni scold, basi, twende neno linalofuata. Shida ni kwamba mtoto wa Kiingereza aliyegombezwa na ticha wake ni nadra kumsikia akisema the teacher scolded me, yeye atasema I got told off, na ukikomaa na scold unasikika kama bibi wa kwenye kitabu cha hadithi.

Sasa sisi Bongo hili tunalo kabisa, na wala si kukaripia wala kufokea, ni kusema tu. Mtu akikwambia "leo nimesemwa na mama, we acha" humuulizi mama kasema nini, unamuuliza umefanya nini tena. Ndo tell off hiyo. Tell peke yake ni kuambia tu, ukiitupia off pale nyuma mambo yanabadilika.

Halafu kuna pacha wake, tell on. Hapa mtoto wa dada yangu alikuwa anachanganya mpaka nikamwandikia hivi: my brother told on me, so Mum told me off. Kaka kanisemea, mama akanisema. Akacheka, akaelewa papo hapo, maana kusemea na kusema anavijua tangu chekechea (na kusemea ndo kazi yake hapo nyumbani, tusidanganyane).

Mpangilio nao uangalie. Unaweza kusema she told off the boys au she told the boys off, zote sawa, ila ukiweka me, him, them, lazima wakae katikati: she told me off. Told off me hakuna. Na kile alichokosea anayesemwa kinatajwa kwa for, kwa mfano he was told off for being late. Kwa kawaida anayesema ni mkubwa na anayesemwa ni mdogo, au basi anayesema anajiona ana haki ya kusema, kama yule jirani anayekuwakia kisa umepaki mbele ya geti lake. Ila ni ukali wa mdomo tu, na ni lugha ya nyumbani, kwa hiyo kwenye barua ya ofisi ya kumwonya mfanyakazi usiiweke, huko wanapenda reprimand.

Kitu ambacho mimi hunifurahisha ni kwamba zamani tell ilikuwa pia kuhesabu. Ndo maana anayekuhesabia hela benki anaitwa teller, na kwenye bunge la Uingereza wabunge wanaohesabu kura wanaitwa tellers mpaka leo. Jeshini kumtell off askari ilikuwa kumhesabu na kumtenga kwa kazi fulani, tuseme kulinda lango, hii ya kugomba imekuja kushika baadaye, karne ya 20. Kwa hiyo ukisoma habari za vita vya zamani ukakuta ten men were told off to guard the bridge, hao hawajagombezwa na mtu, wamepangiwa lindo.

Tick off ndo ya kuwa nayo makini. Muingereza akisema he ticked me off, kamgombeza. Mmarekani akisema hivyo hivyo, kamuudhi, kamkera, na labda hakuna aliyefungua mdomo. Wamarekani wakitaka kugomba kisawasawa wana chew out, yaani umetafunwa, na hii wanaipenda sana wanajeshi na makocha.

Kuna na dress down, nayo ni kumsema mtu vibaya, mara nyingi mbele za watu. Ila bosi akituma meseji kwamba kesho ni dress-down Friday usianze kutetemeka, anakuruhusu kuja na jinzi.