Waranti ya nyongeza kwa gari la Mombasa: anza kusoma visivyolipwa

Ukishapatana bei na muuzaji wa gari, huenda ukawekewa karatasi ya pili mezani: waranti ya nyongeza, yaani ahadi ya kulipia matengenezo gari likiharibika, ya mwaka mmoja au miwili, "injini na giaboksi". Maneno hayo ndiyo yanayouza. Lakini gari linalolala Mkomani, hatua chache kutoka baharini, haliharibiki kama gari la Nairobi, na mikataba ya aina hii huandikwa bila kumfikiria mtu wa pwani. Ndiyo maana nasisitiza usomaji uanze nyuma, penye orodha ya visivyolipwa.

Kutu karibu kila mara imo humo. Hapa kwetu chumvi ya hewani hula kondensa ya AC (ile rejeta ndogo ya kupoza gesi yake), vichwa vya nyaya za alteneta, nyaya za athi na plagi za sensa za breki. Anayevuka Likoni kila siku, maji ya bahari humrukia gari chini pale kwenye ngazi ya feri. Sasa angalia mnyororo wake: kondensa inatoboka kwa kutu, gesi inavuja polepole pamoja na oili iliyochanganyika nayo, kompresa (pampu ya gesi hiyo) inasagana hadi inakwama. Kompresa imetajwa kwenye orodha ya vinavyolipwa. Dai linakataliwa hata hivyo, kwa sababu chanzo ni kutu. Kwa hivyo swali la kuuliza kabla ya kutia sahihi si "AC imo?" bali "kompresa italipwa ikiwa kondensa ndiyo iliyotoboka?" Jibu litolewe kwa maandishi.

La pili ni joto, na hapa ndipo wengi huumia. Kifungu cha kawaida husema madhara ya injini kuchemka hayalipwi. Injini nyingi za kisasa zina hedi, yaani sehemu ya juu ya injini, ya alumini. Ikichemka mara moja vizuri hedi inapinda, na ikipinda hata sehemu ya kumi ya milimita gasketi haishiki tena. Mambo mawili ya kwetu humpa mlipaji wa waranti sababu ya kukataa. Moja ni kujaza rejeta maji ya kisima. Visima vingi vya kisiwani na Nyali vina chumvi, nayo chumvi hutafuna alumini, pampu ya maji na njia nyembamba za rejeta. Tumia kulanti (dawa ya kupoza injini) inayotajwa na mtengenezaji. Kama ni ya kuchanganya, nusu iwe kulanti na nusu maji yaliyochujwa kwa mvuke, na risiti uiweke. La pili ni ile desturi ya fundi kung'oa themostati, vali inayozuia maji ya rejeta hadi injini ipate joto, "ili gari lipoe". Injini haifiki joto lake, kompyuta inaendelea kumwaga petroli ya ziada, oili inachafuka. Mkaguzi akifungua akute themostati haipo, ataandika kwamba gari limebadilishwa mfumo, na dai litaishia hapo. Ukinunua gari lililotumika, hakikisha themostati ipo kabla waranti haijaanza.

Giaboksi inataka aya yake. Magari mengi yanayoshuka Kilindini kutoka Japani yana giaboksi ya CVT, yaani ya otomatiki inayotumia mkanda na puli badala ya gia za hatua, na hiyo haistahimili oili isiyo yake. Nissan nyingi hudai NS-2 au NS-3 kulingana na modeli, Toyota CVT TC au FE, Honda HMMF au HCF-2. Ukitia ATF ya kawaida (oili ya giaboksi za otomatiki za gia), mkanda wa chuma unateleza kwenye puli, unazikwaruza, na vumbi la chuma linaziba vali za ndani. Dalili ya mwanzo ni mtetemo gari likianza kuondoka, au mlio unaopanda na kasi. Mlipaji ataomba risiti yenye jina kamili la oili. Iliyoandikwa "gearbox oil" tu haitakusaidia. Mwambie fundi aandike aina, lita na kilomita.

Sevisi nayo ina mtego mdogo. Masharti husema, kwa mfano, kila kilomita 5,000 au miezi 6, lolote litakalotangulia. Mtu anayeendesha Nyali hadi mjini na kurudi anaweza kumaliza miezi 6 bila kufika kilomita 4,000. Akisubiri kilomita, amevunja mkataba. Uliza pia ni gereji zipi zinazokubaliwa, na kama iko yoyote Mombasa. Kama ya karibu iko Nairobi, uliza nani atalipa bredauni ya kilomita karibu 480.

Madereva wa teksi za programu na wenye Probox za kubeba abiria: soma kifungu cha matumizi ya biashara. Kwa kawaida kinawaondoa moja kwa moja.

Sasa pesa. Tuchukue hesabu ya mfano. Waranti ni shilingi 60,000 kwa miaka miwili, kikomo cha kila dai ni 100,000, na kila dai unatoa 15,000 za kwanza mwenyewe. CVT inakufa, kubadilisha pamoja na ufundi ni 180,000. Mlipaji anatoa 100,000, wewe 80,000, zile 15,000 zikiwa ndani yake. Ongeza 60,000 ulizotangulia kulipa: umetumia 140,000. Umeokoa 40,000 tu, na hiyo ni kama dai limekubaliwa. Ikiwa ni hiyo giaboksi tu unayoihofia, uwezekano wa kufa kwake ndani ya muda huo lazima upite asilimia 60 ndipo ununuzi ukulipe. Kwa maoni yangu, kwa gari kama Probox au Fielder ya injini ya 1NZ, ambalo spea zake zimejaa na kila fundi analijua, 60,000 hizo zikae kwenye akaunti. Waranti ina maana zaidi kwa gari la turbo, la CVT nzito, la haibridi au la Ulaya, mradi kikomo cha dai kikaribie bei halisi ya kitu kinachoogopwa. Kwa haibridi, uliza kuhusu betri kubwa kwa jina, maana "vifaa vya umeme" huenda visiihesabu.

Tazama pia nani anayeahidi. Ahadi ya yadi inaishi muda ule ule yadi inaoishi. Ikiwa ni kampuni ya bima, iwe na leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Bima. Na bima kamili uliyo nayo tayari haizibi pengo hili. Hiyo ni ya ajali, wizi na moto, haigharamii kuharibika kwa mitambo. Ukaguzi unaofanyiwa gari kabla ya kusafirishwa kutoka Japani nao unahusu kufaa barabarani, si maisha ya giaboksi.

Kabla ya siku ya kwanza ya waranti, lipeleke gari kwa fundi asiyefungamana na muuzaji. Lipimwe kwa kompyuta, misimbo yote ya hitilafu ichapishwe, odomita ipigwe picha, oili ya giaboksi itazamwe rangi na harufu. Karatasi hiyo ndiyo kinga yako siku utakapoambiwa kwamba hitilafu ilikuwepo tangu mwanzo.

Taa ya onyo ikiwaka, simama. Piga picha dashibodi, zima injini, piga simu kabla ya mtu yeyote kufungua hata nati moja. Kufungua bila idhini hukatisha dai. Uliza nani analipa kazi ya kufungua kutafuta chanzo, kwa sababu dai likikataliwa bili hiyo hubaki kwako. Kipande kilichotolewa usikiache gereji. Dai likikataliwa, omba sababu kwa maandishi ikitaja kifungu. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inataka utata wa mkataba usomwe kwa faida ya mtumiaji, na Mahakama ya Madai Madogo inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1. Peleka mkataba, risiti za sevisi, ripoti ya siku ya kwanza na kile kipande.