Wanne Waliotoboa Dari

Wapendwa katika Bwana,

Juma hili nimekaa na habari ya yule mwenye kupooza wa Kapernaumu, katika sura ya pili ya Injili ya Marko, na jambo moja limenishika: Yesu aliiona imani yao, yaani hata ya wale wanne waliombeba na kuitoboa dari ili wamfikishe kwake, kabla ya aliyelala godoroni kutamka neno lolote.

Nimewakumbuka wanne hao kwa sababu ya mbio za London Marathon. Sisi tunazijua kwa mabingwa wetu, maana Eliud Kipchoge amezishinda mara 4, na marehemu Kelvin Kiptum alizimaliza mwaka 2023 kwa saa 2, dakika 1 na sekunde 25. Nyuma yao, hata hivyo, huja maelfu wasiotafuta ushindi, ambao wamewaomba ndugu, majirani na wafanyakazi wenzao wachangie chochote kwa ajili ya wagonjwa. Miongoni mwao wamo wanaokimbia kwa ajili ya mabinti wenye ugonjwa wa Rett.

Ugonjwa huu humpata takriban binti 1 kati ya 10,000. Mtoto hukaa, hushika kijiko, huanza kuita mama. Kisha, mara nyingi baada ya miezi 6 hadi 18, maneno humpotea na mikono huacha kumtii, ikabaki kusuguana kifuani kama ya mtu anayefua kitambaa kisichokuwapo. Ni mikono hiyo iliyomshtua daktari Andreas Rett huko Vienna mwaka 1954, alipowaona mabinti wawili katika chumba cha kusubiri wakiisokota kwa namna ileile. Macho hayapotei, na wazazi wengi husema binti zao huzungumza kwayo.

Mwaka 1999 maabara ya mtafiti Huda Zoghbi huko Houston, Marekani, iligundua jeni yenye hitilafu, MECP2, na katika karibu watoto wote hitilafu hiyo hutokea upya, bila kurithiwa. Nawasihi tulipokee jambo hili polepole, kwa kuwa kati yetu mama wa mtoto wa namna hii bado huulizwa amekosa nini, kama wanafunzi walivyouliza juu ya yule kipofu, ilhali Bwana alikwisha kujibu kwamba si yeye aliyetenda dhambi wala wazazi wake.

Mwaka 2007 mtafiti Adrian Bird na wenzake huko Edinburgh, Scotland, waliirudishia jeni hiyo kazi yake katika panya waliokwisha kuugua, nao wakapata nafuu kubwa. Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha dawa ya kwanza, trofinetidi, ambayo hupunguza dalili lakini haiponyi. Kutoka kwa panya hadi kwa mtoto ni safari ndefu yenye gharama, na vyama vya wazazi vimekuwa miongoni mwa wanaoilipia. Hapo ndipo ninapoiona ile dari. Wapo wanaodhani kwamba kuchangia maabara ni kupungukiwa na imani katika maombi. Mimi sikubaliani nao, maana wale wanne walipanda juu na kuivunja, vumbi likiwaangukia waliokuwa chini, kwa sababu waliamini.

Katika ibada zetu za nyumbani, tuwaombee watafiti, akina mama, na wale wakimbiaji wa mwisho, wanaofika baada ya mwendo wa saa 6 wakichechemea, picha ya binti imebandikwa mgongoni.