Mawaridi yalishalala shingo, nikayaamsha

Hii nawaandikia nyie mnaolima na kuuza maua, maana mimi nilipoteza oda mbili kwa sababu ya ule ushauri wa "tia sukari tu kwenye maji, yatakaa". Nikatia. Siku ya pili maji yamechafuka, mashina ukiyashika yanateleza kama bamia, matumba yamelala shingo kabla hata hayajafunguka. Kumbe sukari peke yake inawashibisha bakteria kwanza, wanajazana wanaziba mirija ya shina, maji hayapandi. Sukari iende na limao na tone la jiki, na ndoo uisugue kama sufuria ya kupikia, hapo ndo inasaidia.

Oda ya tatu ilikuwa ya harusi. Nimekata alfajiri vizuri tu, kijana akayaacha kwenye toroli bila maji hadi jua limepanda, nafika nakuta vichwa vyote vinaangalia chini, nguvu zikaniisha. Wenzangu wakasema tupa. Sikutupa! Nikayafunga kumi kumi kwenye gazeti, nikakaza hadi juu ili vichwa visimame wima, miguu ya mashina nikaiacha nje. Halafu hapa ndo penyewe, nikatumbukiza mashina kwenye beseni na kukata kama sentimita tatu kwa mshazari HUMO HUMO ndani ya maji, maana ukikatia nje shina linavuta hewa na hiyo hewa inakaa ndani kama kizibo. Kisha ndoo ya maji ya uvuguvugu, yale ya kumwogeshea mtoto, chumba cha giza, nikafunga mlango. Kila baada ya muda naenda kuchungulia.

Masaa mawili matatu hivi nikafungua gazeti la kwanza, nikagusa shingo kwa kidole: ngumu! Nilipiga kelele hadi kijana akaja mbio. Nilitupa machache tu, yale yaliyokatwa yangali mabichi mno, hayo hayafunguki hata ufanyeje, subiri vile vijani vinavyoshika tumba viachie na kuanza kushuka ndo ukate.

Na ndizi mbivu jamani zitoeni stoo ya maua, gesi yake inayazeesha maua, yale yanayoitwa kanesheni ndo usiseme.

Bibi harusi alilishika lile shada mchana kutwa, halikuinama hata ua moja, na wiki iliyofuata dada yake akaja kuniulizia ya kwake.