Kisima kilichojificha Clare

Jumamosi nilirudi Galway, huku Ireland, nimelowa mpaka soksi, mikono imechanwachanwa na miiba, na roho kunjufu. Tulikuwa kaunti jirani ya Clare, watu watatu, tukitafuta kisima kitakatifu.

Ireland inakisiwa kuwa na visima vitakatifu kama 3,000. Vingine havina haja ya kutafutwa: cha Mtakatifu Brigid kule Liscannor kimesheheni rozari, sanamu na picha za marehemu. Sisi tunataka vile vilivyomezwa na vichaka. Rafiki yetu Mwairishi huchukua ramani za wapimaji wa miaka ya 1830 na 1840, zipo bure mtandaoni, akazilinganisha na picha za setilaiti kwenye simu. Majina nayo husaidia: penye Tober au Tubber pana tobar, yaani kisima, kama sisi tunavyosema Kisimani.

Safari hii ramani ilitutupa katikati ya malisho, ng'ombe wanatukodolea macho. Saa nzima tunaburuta gambuti kwenye tope, hatuoni kitu. Mara mzee mwenye shamba huyo anakuja na mbwa wake. Nikasema leo tumepatikana! Kumbe yeye akauliza tu nani kati yetu anaumwa macho. Mama yake, alisema, alikuwa akinawa macho kisimani hapo. Akatupeleka kichakani, akakanyaga miiba, na hapo chini kulikuwa na shimo la mawe, upana wake sinia ya pilau, maji yakichuruzika kimyakimya. Juu yake, kwenye tawi la mti mkongwe wa miiba, kinaning'inia kitambaa kilichochakaa.

Mimi mtoto wa Pemba nilibaki nimesimama. Bibi yangu alifunga vitambaa kama hivyo mzimuni, tena alfajiri, shehe asimwone. Huku wanasema kitambaa kikioza na maradhi yanakwisha, na ukikifungua unaondoka nayo wewe. (Kwenye visima maarufu nimeona watu wamefunga soksi za nailoni. Sasa hiyo itaoza lini?)

Mwenzetu Mkenya, ambaye ni nesi, alikataa katakata kusogea. Mimi nilizunguka mara tatu kufuata jua, nyuma ya mzee aliyevua kofia, kisha nikanawa. Baridi yake ilinipanda hadi utosini.

"Na kwenu mnapeleka nini?" mzee akauliza.

Nikamwambia ubani na marashi.

"Basi ukija tena uje navyo."

Nimeshamwagiza shangazi.