Rangi hatukuipigia kura: tulivyotengeneza muonekano wa kompyuta zetu Dodoma

Ukitaka kuvuruga kikundi cha watu wanaoelewana, waite wachague rangi kwa kunyoosha mikono. Nchi yetu hii ndiyo kabisa. Kijani na njano ni Yanga, nyekundu na nyeupe ni Simba, na kabla hujamaliza kuhesabu mikono, kuna mtu wa nyuma atakumbusha kwamba rangi zina vyama vyake pia. Ndiyo maana nilipokubali kusimamia kazi ya kutengeneza muonekano wa chaguo-msingi wa kompyuta za kikundi chetu, nilitoa sharti moja: rangi itakuja mwisho, na haitapigiwa kura.

Chumba chetu kiko Chang'ombe, hapa hapa Dodoma mjini. Mashine ni za mtumba, zinatumia Debian 12, mfumo huria wa Linux, yenye Xfce, eneo-kazi jepesi linalozifaa kompyuta zilizokwisha kula chumvi. Wanaoingia ni mchanganyiko: wanafunzi wa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), akina mama wa VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa, wanaoweka hesabu, vijana wanaochapa barua za kuomba kazi, na karani mmoja mstaafu anayeandika habari za ukoo wake. Hakuna mwenye mashine yake. Unakaa iliyo wazi.

Kwa hali hiyo chaguo-msingi, yaani kile mtu anachokikuta kabla hajabadilisha chochote, si jambo dogo. Mwanafunzi wa kompyuta ataingia kwenye mipangilio na kubadilisha kila kitu kabla hajatulia kwenye kiti. Mama wa VICOBA hatagusa mipangilio hata siku moja, na hana sababu ya kuigusa. Atakachokikuta asubuhi ndicho atakachofanyia kazi mpaka jioni. Niliona basi kwamba kazi hii ni yake kuliko ya wale wanaojua kubadilisha, ingawa wanaojitolea kuifanya ni hao hao wanaojua. Mvutano wote uliofuata ulitokana na hilo.

Kabla ya kuanza nilitazama wenzetu wakubwa walivyofanya. Debian, kila toleo linapokaribia, huwaita watu walete michoro, kisha hukusanya maoni ya watumiaji. Toleo la 12 lilivaa mchoro uitwao Emerald, wa Juliette Taka. Utaratibu huo ni mzuri, lakini ukiangalia kinachoshindaniwa hasa ni picha: ile ya nyuma ya skrini, ya mahali pa kuingilia, ya wakati mashine inawaka. Picha inaweza kuwa kazi ya mkono mmoja na watu wakaipenda au wasiipende, hakuna kazi itakayosimama. Vitufe na kingo za madirisha ni habari nyingine.

Ubuntu, mfumo mwingine wa Linux, ndio walionifaa zaidi. Aprili 2017 mwanzilishi wao, Mark Shuttleworth, alitangaza kwamba wanaachana na eneo-kazi lao la Unity na kurudi GNOME. Toleo la 17.10 likatoka na GNOME kweli, lakini nguo zilikuwa zile zile za muonekano uitwao Ambiance, uliokuwepo tangu 10.04. Watumiaji wenyewe, wachoraji na waandishi wa programu, wakajikusanya kutengeneza muonekano mpya ulioitwa Communitheme. Lengo lilikuwa uingie kwenye 18.04. Haukuwa tayari, wakauahirisha. Aliyetaka kuujaribu aliupata kama snap, yaani kifurushi cha kusakinisha pembeni, na uliingia kuwa chaguo-msingi kwenye 18.10 kwa jina la Yaru. Nilichokipenda mimi ni kule kuahirisha. Toleo la 18.04 lilikuwa la kudumu, la kuhudumiwa miaka 5. Kulitwisha kitu kibichi kungewaumiza wengi ambao wala hawakuhusika na mjadala.

Kikao cha kwanza nilibandika karatasi ya manila ukutani na kuuliza swali moja tu: ni kazi gani kwenye kompyuta hizi inakusumbua? Sikuuliza nani anapenda nini. Vijana wawili walikuwa wamekuja na michoro iliyokamilika kwenye simu, wakanuna kidogo. Niliwaambia waiweke, tutairudia.

Mama mmoja wa VICOBA ndiye aliyefungua mlango.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hii mashine yenu inachanganya hela za watu."

Alikuwa anafungua faili mbili za LibreOffice, moja ya michango na nyingine ya mikopo, zikiwa zimekaa kandokando. Anaandika kiasi akidhani yuko kwenye michango, kumbe kinaingia kwenye mikopo. Tukamwomba atuonyeshe. Kweli bwana: dirisha lililo kazini na lililolala yalikuwa yanakaribiana rangi kichwani mpaka ukodoe macho. Sisi wenye mazoea tulikuwa hatulioni tatizo hilo kwa sababu tunatazama kishale kinapopepesa. Yeye alikuwa anatazama kichwa cha dirisha, ambacho kazi yake hasa ni kumwambia yuko wapi.

Karani mstaafu akaleta la pili. Hawezi kulishika dirisha pembeni ili alipanue. Hili ni lalamiko la siku nyingi kwa watumiaji wa Xfce: ukingo wa dirisha ni mwembamba, na kipanya kinauteleza. Mwanafunzi mmoja akamfundisha kubana Alt na kuburuta kwa kitufe cha kulia. Mzee akasikiliza kwa adabu, akajaribu, akasema, "Sawa kijana wangu, lakini kwa nini nisishike ukingo?" Hakuna aliyekuwa na jibu.

La tatu lilikuwa la herufi. Anayeishi Ilazo akiandika anwani yake, I kubwa na l ndogo zinasimama kama vijiti viwili vinavyofanana. Ukinakili nywila ya mtu ndiyo balaa zaidi. Hili tulilimaliza upesi: tulichukua fonti ya Atkinson Hyperlegible, iliyotengenezwa na Braille Institute ya Marekani kwa ajili ya wenye uoni hafifu, ambamo I ina miguu na l ina mkia. Baadhi walisema si nzuri. Inawezekana, lakini inasomeka.

Msingi wa kazi yetu tuliukopa. Kikundi kidogo kuanza muonekano wa GTK, zana zinazochora sura za programu, kutoka sifuri ni kujitafutia kifo, maana kuna kila aina ya kitufe, menyu, kisanduku na kitelezi. Tulichukua Greybird, ya Shimmer Project, ambayo ndiyo wanayotumia Xubuntu, yaani Ubuntu yenye Xfce. Leseni yake inaruhusu kuibadilisha na kuisambaza, rangi zake zimeandikwa kwa SCSS, lugha ya kuandikia mitindo, hivyo ukibadilisha thamani moja inaenea kote, na inakuja na sehemu ya xfwm4, yaani programu inayochora vichwa na kingo za madirisha. Tena ina namna moja maalumu yenye kingo nene. Tulianzia kwenye hiyo kwa ajili ya mzee wetu. Angalizo kwa atakayefuata njia hii: kwenye xfwm4 ukingo si namba unayoiongeza. Ni vipicha, kila kona na kila upande, mara moja kwa dirisha lililo kazini na mara ya pili kwa lililolala. Ukitaka unene mwingine, unachora upya.

Sasa ile michoro ya vijana. Ilikuwa mizuri, sitawanyima haki yao. Mmoja ulikuwa mweupe mtulivu wenye mistari ya kijivu hafifu, mwingine ulikuwa mweusi tii. Kwenye laptopu mpya ya mwenye nayo, yote miwili ilipendeza. Lakini chumba chetu madirisha yanatazama magharibi, na jua la Dodoma la saa tisa alasiri hamlijui kama hamjakaa ndani ya chumba cha bati. Skrini zetu ni za zamani, ukiinamisha kichwa kidogo rangi inabadilika. Tuliuweka mweupe kwenye skrini mbovu kuliko zote: mistari ya kijivu ikayeyuka, ukawa hujui kisanduku cha kuandikia kinaanzia wapi. Tukaweka mweusi: kila mtu akajiona uso wake kama kwenye kioo cha kinyozi.

Kuanzia hapo ikawa kanuni. Pendekezo lolote linahukumiwa kwenye skrini ile, saa tisa, pazia likiwa wazi. Mwenye pendekezo halitetei. Anakaa mtu asiyelijua, anapewa kazi ya kufanya, sisi tunatazama kimya. Kimya ndicho kilichokuwa kigumu. Vijana walikuwa wanataka kumwelekeza mtu kwa kidole.

Palipobaki ubishi tulitumia kipimo cha WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kufanya kurasa za wavuti zitumike na watu wote: maandishi ya kawaida yawe na utofauti usiopungua 4.5 kwa 1 na kilicho nyuma yake, na maandishi makubwa 3 kwa 1. Vikokotozi vyake vipo bure, unaweka namba za rangi mbili kinakupa jibu. Kipimo hicho kiliokoa urafiki mwingi, kwa sababu namba haina timu. Halafu kina mshangao wake: ile chungwa maarufu ya Ubuntu, #E95420, ikiandikwa kwa nyeupe haifiki 4.5. Kwa hiyo "wakubwa wanaitumia" si hoja.

Aikoni ndizo zilizoleta raha. Wengi hawajui Inkscape, programu ya kuchorea, achilia mbali git, ya kutunza mabadiliko ya faili, na nilikataa kabisa kazi iwe ya wanaojua git pekee. Aikoni ndogo ina ukubwa wa nukta 16 kwa 16, na daftari la hesabu lina miraba. Tukachora kwa penseli, mraba mmoja nukta moja. Mtu wa miaka sitini anaweza kufanya hivyo, na kweli walifanya. Wanafunzi wakahamishia kwenye Inkscape.

Hapo likazuka wazo ambalo kila mtu alilipenda: folda ya nyumbani iwe tembe, nyumba ya Kigogo, badala ya nyumba ya paa la pembetatu. Ugogoni tuko, nyumba zetu ndizo hizo, kwa nini tuchore ya kizungu? Tuliichora kwa ukubwa wa nukta 48 ikawa nzuri sana, na mlango wake na miti ya paa ikitokeza. Tulipoishusha mpaka 16 ikawa balaa. Tembe ni ndefu, fupi kwa kimo, paa bapa. Kwa nukta 16 hicho ni kisanduku chenye kitundu, na kisanduku chenye kitundu kwenye kompyuta ni diski. Karani wetu aliyebofya akitafuta folda yake alikwenda moja kwa moja kwenye diski ya nje. Tulijaribu kuongeza mbuyu pembeni, ukawa doa. Mwishowe tembe ilibaki kwenye ukubwa wa juu na kwenye picha ya nyuma ya skrini, na ndogo ikawa na paa la mgongo kama nyumba nyingi za bati zilizojaa mjini siku hizi. Roho iliniuma, lakini mtu lazima aipate folda yake.

Hatukuchora aikoni zote, wala hakuna haja. Kwenye faili la index.theme kuna mstari wa Inherits: unataja seti nyingine, na kisichopatikana kwako kinachukuliwa huko. Sisi tulichora zile zinazobofywa kila siku tu, zilizobaki tumerithi kwa elementary-xfce.

Rangi ilipofika, ilikuwa karibu imejichagua. Wengi walitaka nyekundu ya udongo wetu, na kwa kipimo cha utofauti ilifaulu. Ila nyekundu tayari ina kazi: ndiyo ya kufuta na ya hitilafu, na mtu akiiona kila mahali ataacha kuiogopa inapotakiwa kuogopwa. Kijani ni ya mambo yaliyokamilika, bluu inafanana na viungo vya kurasa za wavuti. Ikabaki zambarau iliyoiva ya zabibu za huku kwetu, haina timu wala chama, na nyeupe juu yake inasomeka hata saa tisa. Mmoja alinung'unika kwamba Ubuntu nao wana zambarau. Na wawe nayo.

Kuisambaza kulikuwa kwepesi. Muonekano umewekwa /usr/share/themes, na jina lake limeandikwa kwenye xsettings.xml, na la kingo za madirisha kwenye xfwm4.xml, ndani ya /etc/xdg/xfce4/xfconf/xfce-perchannel-xml, ili kila akaunti mpya iukute. Aliyekwisha jichagulia wa kwake, wa kwake unabaki. Xfconf, sehemu ya Xfce inayotunza mipangilio, inaruhusu kuifunga mtu asibadilishe. Kuna aliyependekeza tufunge, nikakataa. Kwanza tuliuweka kando ya ule wa zamani kwa hiari, kama Ubuntu walivyofanya, mpaka malalamiko ya maana yalipokauka. Kwenye faili la AUTHORS yamo majina ya wote, waliochora kwa penseli na waliokaa kwenye kiti cha saa tisa. Mama wa VICOBA aliomba tumchapishie ukurasa huo.

Yapo ambayo hayatufikii. Aikoni za LibreOffice zina seti zake zenyewe, hazifuati za mfumo, kwa hiyo humo ndani hatukugusa zaidi ya kuchagua iliyo wazi kuliko nyingine. Na programu mpya za GNOME zinazotumia libadwaita, maktaba ya GNOME ya kuchorea sura za programu, hazijali muonekano wako. Zinakuja na muonekano wake zenyewe. Ukiweka moja katikati ya nyingine inaonekana kama mgeni, na kichwa chake cha dirisha kinarudisha tatizo la mama pale pale. Kwa sasa tunaziepuka: Mousepad kwa maandishi, Ristretto kwa picha, Atril kwa PDF. Kijana wa ule mchoro mweusi anatengeneza toleo la usiku, kwa wanaokuja jua likishazama, naye amekubali litajaribiwa kwenye skrini ile ile.