Mkono usio na mapigo

Tumetoka hospitali sasa hivi, mimi na yaya, dada yangu mkubwa. Tuko Nyawera, hapa Bukavu, tunangoja taksi.

Tangu mwaka jana yaya anachoka ovyo, homa ndogo za jioni, mkono wa kushoto unamuuma akifua nguo. Amekunywa dawa za malaria, za tifoidi, za minyoo. Kwenye kartie, mtaani kwetu, walishasema ni karuho, sumu ya kichawi. Wacha waseme.

Leo muganga kijana akampima presha. Mkono wa kulia, 160. Wa kushoto, mashine ikakataa. Muuguzi akabadilisha betri.

Ikakataa tena.

Muganga akaweka vidole kwenye kifundo. Akasogeza. Akafumba macho. Hakuna mapigo, na mkono wenyewe wa moto, vidole vinacheza!

Yaya akauliza, "Basi nimekufa upande mmoja?" Tulicheka sote. Mimi nilicheka vibaya.

Skana ya mishipa imethibitisha: ugonjwa wa Takayasu, jina la daktari wa macho wa Japani aliyeueleza mwaka 1908. Kinga ya mwili inashambulia mishipa mikubwa ya damu, kuta zinavimba, njia ya damu inabanwa. Huwapata zaidi wanawake wasiofika miaka 40.

Ameanza prednisoni, dawa ya kutuliza kinga hiyo, dozi kubwa, itashushwa polepole. Asiiache ghafla hata akipona machoni pa watu. Chumvi kidogo. Presha ipimwe kulia tu.

Wa Bukavu, wa Goma: nani anaishi na ugonjwa huu? Mlifanyaje na njaa ya prednisoni? Yaya ameshaanza kuulizia sambusa.